Reli Tunazo, Makutano Hatuna

Mimi ni mzaliwa wa Pwani ambaye kazi imemleta Meru, katika mtaa uitwao Makutano. Jina hili si la hapa peke yake. Iko Makutano nyingine upande wa Mwea, pale barabara ya kuja Embu na Meru inapoachana na ile ya Nyeri, na iko nyingine Kapenguria, Pokot Magharibi. Habari ya zote ni moja: njia zilikutana, mtu akaweka kibanda cha chai, mwingine akatandaza ndizi na nyanya, matatu zikapata steji, mji ukazaliwa. Hakuna mhandisi aliyewafundisha watu wale kwamba penye njia kukutana ndipo penye riziki.

Nayasema haya kwa sababu mazungumzo ya treni za mjini na treni ya uwanja wa ndege hayaishi midomoni mwa watu. Kila yanapozuka, nasikia tukiulizana kuhusu urefu wa reli, mwendo wa treni na ukubwa wa mkopo. Swali la makutano ni wachache wanaoliuliza. Treni ya mjini itakutana wapi na treni ya masafa marefu? Abiria wa ndege atashukia wapi? Mama mwenye mifuko miwili na mtoto mgongoni atatembea hatua ngapi, na juani au kivulini? Msimamo wangu nauweka wazi mapema: Mombasa, na Nairobi vilevile, upungufu wetu mkubwa uko mahali reli zinapopaswa kukutana zenyewe kwa zenyewe, na kukutana na ndege, matatu na feri. Tukiongeza reli nyingine bila kurekebisha hapo, tutakuwa tumeongeza deni tu.

Safari ya vipande vitano

Hebu tuhesabu safari ya mtu wa kawaida anayetoka huku kuja Likoni. Kipande cha kwanza ni matatu ya Meru kwenda Nairobi, kupitia Nkubu, Chogoria, Chuka, Embu, Makutano ya Mwea hadi Thika na jiji lenyewe. Kipande cha pili ni kutoka katikati ya Nairobi hadi Syokimau, iliko stesheni ya SGR. Cha tatu ni Madaraka Express hadi Miritini. Cha nne ni matatu kutoka Miritini kuingia kisiwani. Cha tano ni feri.

Vipande virefu ni viwili, cha kwanza na cha tatu, na hivyo ndivyo rahisi. Unakaa kitini, unalala, unaamka umefika. Vilivyo vifupi ndivyo vinavyomaliza nguvu na mfuko wa mtu. Safari hii nimeifanya mara nyingi, na sijawahi kuchoshwa na zile saa za kukaa ndani ya treni zaidi ya nusu saa ya kuburura sanduku na kupatana bei na mtu anayejua kuwa huna njia nyingine.

Ratiba niliyoizoea ni hii: treni ya mchana huondoka Nairobi saa tisa na kufika Miritini usiku umekwisha kuingia. Ile ya usiku huondoka saa nne na kufika kabla ya adhana ya alfajiri. Kwa kijana mwenye mkoba mmoja hilo si neno. Kwa mzee anayetoka hospitalini Nairobi, au kwa msichana anayesafiri peke yake, kushushwa nje ya mji saa ile kunampa mambo mawili tu ya kuchagua: alipie gari la kukodi, au akae stesheni mpaka kupambazuke.

Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700 treni ilipoanza, ikapanda hadi 1,000, na tangu Januari 2024 ni 1,500. Watu walilalamika sana siku ile ilipotangazwa, na walikuwa na haki. Lakini nauli ya treni ni sehemu tu ya gharama. Ongeza gari la kufika Syokimau na gari la kutoka Miritini usiku, ndipo utajua safari imekugharimu nini. Hizo nauli mbili za pembeni hazitangazwi na mtu yeyote.

Ilikuwaje tukafika hapa

Reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Gharama yake ilitajwa kuwa takriban shilingi bilioni 327, fedha nyingi zikiwa mkopo kutoka benki ya Exim ya China. Ni reli ya zaidi ya kilomita 470, na mimi ni mmoja wa wanaoifurahia, kwani kabla yake garimoshi la zamani lilikuwa likilala njiani na hakuna aliyejua litafika lini.

Lakini tuwe wakweli kuhusu shabaha yake. Reli ile ilipangwa kwanza kwa ajili ya makontena ya bandari, kwa sababu mizigo ndiyo iliyotegemewa kulipa deni. Abiria alikuja nyuma ya mzigo. Stesheni zake kubwa ziliwekwa nje ya miji, Miritini na Syokimau, penye nafasi ya kujenga majengo mapana na maegesho. Kontena halilalamiki likishushwa mbali na mji. Binadamu hulalamika, na hulipa.

Jambo la pili ni upana wa njia. Reli mpya ina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, ina milimita 1,000. Treni ya moja haiwezi kupita juu ya nyingine. Kwa hiyo ndoto ya kupanda treni Syokimau na kuteremka katikati ya Mombasa bila kubadilisha haiwezekani ila reli mpya ijengwe hadi kisiwani. Kinachowezekana ni reli hizi mbili zikutane ubavu kwa ubavu: unashuka huku, unavuka jukwaa, unapanda kule. Ndiyo maana kazi ya kuifufua reli ya zamani kati ya Miritini na stesheni ya Mombasa mjini, iliyo mkabala wa barabara ya Haile Selassie, ni muhimu kuliko inavyosemwa. Hiyo ndiyo treni ya mjini tuliyo nayo. Wengine wanaota reli nyepesi za umeme kama za Ulaya, na kuota hakukatazwi, lakini chuma kipo ardhini tayari na kinapita Changamwe.

Jambo la tatu ni mipaka ya ofisi. Reli ina shirika lake, viwanja vya ndege vina mamlaka yake, barabara kuu zina mamlaka yake, na kaunti ina wizara yake ya uchukuzi. Kila mmoja hujenga hadi kwenye ua wake, kisha husimama. Abiria ndiye anayekutwa kati ya ua na ua, na pale katikati hapana mwenyewe.

Embakasi na watu wa huku

Tazama Nairobi. Ukisimama Syokimau unaziona ndege zikishuka kutua katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Kwa macho ni karibu hata unatamani kwenda kwa miguu. Stesheni ya treni za mjini ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012 na Rais Mwai Kibaki, na tangu wakati huo kumekuwa na mipango ya kutoa tawi la reli liende hadi uwanjani. Mwaka 2020 serikali ikaleta treni zilizokwisha kutumika Hispania, na huduma ya treni za Nairobi ikazinduliwa upya mwezi Novemba mwaka huo. Syokimau ikapata treni ya mjini na treni ya Mombasa mahali pamoja, na hilo nalisifu. Tawi la reli la uwanja wa ndege halikujengwa. Mtu anayetoka Mombasa kwa treni ili apande ndege ya Dubai au Jeddah hufika mahali anapoziona ndege, kisha hukodi teksi na kuingia kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa.

Huku Meru na Embu uwanja ule una historia ambayo wazee hawaisahau. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza waliwatumikisha watu waliowekwa kizuizini, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, kuujenga uwanja wa Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958. Wengine walichimba mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mwea, hatua chache kutoka hiyo Makutano ninayopita kila safari. Wajukuu wa watu wale leo wanautumia uwanja huohuo kwa namna nyingine. Miraa ya Maua na Igembe huchumwa asubuhi, hufungwa kwa majani ya migomba, na pikapu huteremka mbio hadi viwanja vya Nairobi ili ndege ziipeleke Mogadishu. Miraa ikikaa siku mbili tatu imekwisha thamani. Soko la Uingereza lilifungwa mwaka 2014, lile la Somalia likafungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena Julai 2022, kwa hiyo mkulima hana nafasi ya kupoteza. Mwendo wa pikapu zile umeua watu wengi barabarani. Asili ya mbio hizo ni shamba kuwa mbali na ndege, na katikati hapana kitu cha uhakika cha kuziunganisha.

Wakatuambia uwanja wa Isiolo, ambao sehemu yake imo katika ardhi ya Meru, ungelimaliza tatizo. Ulipanuliwa, ukapewa hadhi ya kimataifa, na ndege za abiria zikaanza mwaka 2017. Lakini njia yake ya kurukia ni fupi kwa ndege kubwa za mizigo, na miraa bado inashuka Nairobi. Kwangu mimi funzo la Isiolo ni kwamba jengo zuri haliwi makutano mpaka njia zenyewe zifike na vyombo vinavyohitajika viweze kutua.

Waliotutangulia wamefanya nini

Tuwaangalie majirani. Addis Ababa ndio mji wa kwanza Afrika Mashariki kupata reli nyepesi ya mjini, mwaka 2015, njia mbili zinazopitia katikati ya jiji. Ilikuwa fahari ya Afrika nzima. Lakini haikufika uwanja wa Bole, ambao ni mlango mkubwa wa ndege barani, wala haikuunganishwa na stesheni ya treni ya Djibouti iliyojengwa nje ya jiji. Baadaye treni zake nyingi zikasimama kwa kukosa vipuri. Kwa hiyo walipata ncha tatu, ya mjini, ya ndege na ya masafa, na kila ncha ikabaki peke yake.

Dar es Salaam wana bahati ambayo sijui kama wenyewe wanaiona. Treni ya mjini ya kwenda Pugu hupita Karakata, jirani na uwanja wa Julius Nyerere. SGR yao ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo, na stesheni yao kuu iko mjini, si porini. Hapo wametushinda. Wakijenga njia nzuri ya miguu na usafiri mdogo kutoka Karakata hadi kwenye majengo ya abiria, watakuwa na treni ya uwanja wa ndege bila kutandika reli mpya.

Twende mbali zaidi. Toronto, Kanada, walifungua treni maalumu ya uwanja wa ndege Juni 2015. Nauli ilikuwa dola 27.50 kwa safari moja. Ilikuwa treni safi yenye viti vizuri, na ilikwenda karibu tupu. Wakuu wakakubali ukweli, na Machi 2016 nauli ikashushwa hadi dola 12, na 9 kwa mwenye kadi ya usafiri wa mji. Abiria wakaja, tena wengi wao hawakuwa wasafiri wa ndege kabisa. Walikuwa wakazi wa mitaa ya njiani wanaokwenda kazini. Treni iliyojengwa kwa ajili ya wenye masanduku ikaokolewa na wasio na sanduku.

London nao walipitia hayo. Treni ya chini ya ardhi ilifika Heathrow mwaka 1977, polepole lakini kwa nauli ya kawaida na ikigusa stesheni nyingi za jiji. Mwaka 1998 ikaja treni ya mbio, ghali, inayoishia Paddington, na ukifika hapo inakubidi ubadilishe. Mwaka 2022 wakafungua njia ya Elizabeth inayopita katikati ya jiji moja kwa moja. Johannesburg walifungua Gautrain kutoka uwanja wa OR Tambo hadi Sandton Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia. Ni treni nzuri, ila maskini wa Afrika Kusini wamekuwa wakiilalamikia kuwa ni ya matajiri.

Na wengi wenu wenye ndugu Ghuba mmeiona treni ya Dubai, iliyoanza Septemba 2009. Laini nyekundu inasimama kwenye majengo ya abiria ya uwanja na kuendelea hadi Deira na kwingineko. Mfanyakazi wa dukani na mtalii wanatumia behewa moja na kadi moja. Hilo ndilo jambo la kuiga kabla ya kuiga vioo na marumaru.

Mombasa ifanye nini

Sasa turudi nyumbani. Uwanja wa Moi uko Port Reitz, upande wa bara. Miritini iko upande huohuo, kilomita chache tu. Reli ya zamani inapita Changamwe, si mbali na uwanja. Yaani stesheni ya SGR, uwanja wa ndege na reli ya mjini vyote viko ng'ambo moja ya maji, karibu kama mafiga matatu ya jiko. Ni miji michache iliyojaliwa hivyo. Chungu hatujakiweka bado.

Sipendekezi reli mpya ya kwenda Port Reitz. Idadi ya ndege zinazotua Mombasa kwa siku haiwezi kulipia tawi la reli, na mtu akiniambia inaweza nitamwomba anionyeshe hesabu. Napendekeza mambo manne ambayo kwa pamoja yanagharimu sehemu ndogo sana ya bilioni 327.

Kwanza, treni ya mjini ifuate saa za SGR. Treni ya Nairobi ikifika, ya kwenda kisiwani iwe imesimama inasubiri, pamoja na ile ya usiku. Treni ya kuunganisha inayoondoka dakika kumi kabla ya unayotoka nayo kufika haikuungi na kitu.

Pili, pawe na basi dogo kati ya Miritini, Changamwe na uwanja wa ndege, linalofuata saa za treni na za ndege, lenye nafasi ya mizigo. Basi linaweza kuanza mwezi huu likabadilishwa mwezi ujao njia ikionekana haifai. Reli ikikosewa inabaki pale miaka mia.

Tatu, tiketi iwe moja. Aliyelipa 1,500 kutoka Nairobi aongeze kidogo kwenye simu yake wakati uleule na afike Mwembe Tayari au uwanjani bila kutoa pesa tena. Nchi ambayo mama mboga analipwa kwa simu haiwezi kusema tiketi ya pamoja ni teknolojia ngumu.

Nne, tusiisahau feri. Kivuko cha Likoni huvusha watu zaidi ya laki tatu kwa siku. Treni ikiishia stesheni ya mjini na kumwacha abiria wa Likoni atafute tuktuk na bodaboda mwenyewe, tutakuwa tumehamisha tatizo kutoka Miritini hadi Haile Selassie. Steji rasmi ya magari ya feri iwe mlangoni mwa stesheni.

Hofu ya wenye teksi na matatu

Najua wapo watakaosoma haya kwa kuudhika. Vijana wengi wa Miritini, Changamwe na Port Reitz wanakula kwa sababu pengo lipo. Wana teksi, tuktuk, bodaboda, na baadhi walichukua mkopo kununua vyombo hivyo. Ukiziba pengo, watoto wao watakula nini? Swali hili lina haki ya kujibiwa, na anayelipuuza hajui njaa ya mji.

Jibu langu ni hili. Treni haimfikishi mtu mlangoni kwake. Anayeshuka Changamwe bado anakwenda Chaani, Mikindani au Magongo, na anayeshuka mjini bado anakwenda Majengo, Tudor au Kizingo. Kinachobadilika ni kwamba dereva atapata safari nyingi fupi za mchana kutwa badala ya moja ndefu usiku aliyoivizia kwa saa nne. Lakini hilo litakuwa kweli tu ikiwa watapewa mahali pao halali ndani ya mpango tangu mwanzo: steji yenye kivuli, nauli iliyobandikwa, na kiti mezani pale ratiba inapopangwa. Wakiachwa nje ya ua watapigana na mradi, nao hawatakuwa na kosa.

Wapo pia wanaosema treni ya uwanja wa ndege ni anasa ya watalii na wakubwa. Funzo la Toronto linawajibu. Uwanja wa ndege ni mahali pa kazi. Wako wafagiaji, walinzi, wapishi, wapakia mizigo, mafundi, makarani wa forodha. Jirani yake ziko ghala, viwanda na bandari yenyewe. Watu hawa huenda na kurudi kila siku ya Mungu, wakati mtalii anapita mara mbili tu, kuja na kuondoka. Usafiri ukipangwa kwa saa za zamu zao, mtalii atanufaika bila kupangiwa. Ukipangwa kwa ajili ya mtalii, mfagiaji hatanufaika kamwe.

Tumewahi kuwa nayo

Kuna jambo moja la historia yetu ambalo vijana wengi hawalijui. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mombasa ilikuwa na reli nyembamba za troli zilizopita katika barabara za mji, kutoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini. Vigari vyake vilikuwa na kiti na paa la turubai, na vilisukumwa na watu kwa mikono. Chuma chake kilitokana na reli iliyokuwa imeanzwa na kampuni ya Kiingereza na kuachwa. Aliyeketi alikuwa mkubwa, aliyesukuma alikuwa babu yetu, na sitamani enzi ile irudi. Magari ya moto yalipokuja, zile troli zikang'olewa.

Lakini mpango wenyewe ulikuwa na akili ambayo SGR haikuwa nayo. Aliyezitandika zile reli alijua kuwa anayeshuka melini Kilindini haishi Kilindini, kwa hiyo akamtengenezea njia ya kufika mjini. Mombasa ilikuwa na kiungo kati ya mlango wa wageni na mji wao kabla uwanja wa ndege haujawahi kufikiriwa. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumezunguka na mikopo na mawe ya msingi, na tumerudi kwenye swali lilelile la ufukweni: mtu akishuka, anakwenda vipi?

Cha kuuliza

Katiba ya 2010 inawapa wananchi haki ya kushirikishwa, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwapa watu nafasi ya kusema katika shughuli zake. Mikutano hiyo huitishwa, mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache na soda nyingi. Safari ijayo bajeti ya uchukuzi ya Mombasa ikisomwa, naomba wenzangu mlioko huko muende na maswali matatu, muyaulize moja moja na msikae chini kabla ya kujibiwa.

La kwanza: treni ya mjini itaondoka Miritini saa ngapi baada ya ile ya usiku kufika, na nani ameandika hivyo? La pili: kati ya reli, viwanja vya ndege na kaunti, ni ofisi gani yenye dhamana ya abiria aliye kati ya Miritini na Port Reitz, na mkuu wake tunamfikia wapi? La tatu: vyama vya matatu, teksi na tuktuk vimeitwa lini kuzungumzia steji za stesheni?

Kati ya hayo matatu, la pili ndilo zito. Likipata jina la ofisi moja, mengine yatafuata, maana patakuwa na mlango wa kubisha. Likijibiwa kwa maneno ya jumla kuhusu wadau na uratibu, basi mjue kilomita zile chache bado hazina mwenyewe, na mgonjwa anayerudi kutoka Nairobi usiku wa leo atazilipia mwenyewe, kwa bei atakayotajiwa gizani.